Kupanga Mara Mbili

Chumba nilichopanga Walukuba kina ukuta mmoja
unaotokwa jasho kila mvua ya Jinja inyeshapo.
Doa lake lina umbo la ng'ombe aliyelala,
pembe moja ndefu, nyingine imekatika.
Nilimwomba mwenye nyumba, Bwana Tenywa, ndoo moja ya chokaa.
Akasema, "Tutaona."
Tangu mwaka juzi tunaona.

Alhamisi jioni, wauza mitumba wakifunga mizigo,
shuka iliyochanika hushuka bei upesi:
elfu tano, elfu tatu,
"Chukua, mama, nisirudi nayo."
Nikachukua. Shuka mbili za hospitali ya ng'ambo,
zenye herufi nisizozijua pindoni,
na pazia la rangi ya boga
lililopotezana na mwenzake.

Kaudha wa chumba cha nne alinikuta
nimezikaza shuka kwa misumari
kama ngozi ya ngoma.
Alicheka mpaka akashika kiuno.
"Kitambaa kikikazwa kinatangaza umaskini wako wote.
Kilegeze! Upana wa ukuta, mara mbili.
Kiache kifanye matumbo, kianguke, kipumzike.
Kitambaa ni mgeni: usimsimamishe."

Basi tukalegeza.
Waya wa breki wa baiskeli ya marehemu kaka yangu
tukauvuta kutoka pembe hadi pembe.
Pini kumi na mbili. Uzi wa gunia.
Na mshipi wa gomesi ya mama,
ule wa hariri bandia
uliong'aa miaka yote kwenye harusi za wengine,
tukaufunga katikati, pazia likapata kiuno.
Jioni ile upepo wa ziwa uliingia bila hodi,
ukuta ukavuta pumzi.
Binti yangu Kagoya akaninong'oneza,
"Mama, ng'ombe amejifunika."

Tarehe moja akaja Bwana Tenywa.
Akasimama mlangoni, kofia mkononi,
jambo ambalo hajawahi kulifanya.
Akatazama matumbo ya shuka, kiuno cha boga,
mwanga ukipenya humo kama chai kwenye chujio.
"Kumbe nyumba yangu ni nzuri hivi," akasema.

Yangu!

Mwezi uliofuata kodi ikapanda elfu kumi na tano.

Sikubishana. Kuta zina masikio,
na hizi ni zake.
Ila sasa kila mwisho wa mwezi, usiku,
nafungua mshipi, nachomoa pini, nazihesabu,
nakunja kila kitu ndani ya beseni
na juu yake napanga ndizi zangu za kuuza.
Ng'ombe nammwagia kikombe cha maji, anenepe kidogo.
Asubuhi Bwana Tenywa anakuta ukuta uchi,
unalia mpaka sakafuni.

"Vile vitambaa?"
"Vilikuwa vya kuazima, Bwana."
Akatikisa kichwa.
"Nguo ya kuazima haisitiri matako."
"Kweli kabisa, Bwana."
Mwezi wa tatu aliteremsha kodi mwenyewe,
akapunguza elfu kumi.
Ile tano amebaki nayo. Ya kumbukumbu, nadhani.

Lugha hii nayo ina ujanja wake:
kupanga ni kulipia pasipo pako,
na kupanga ni kukipa kila kitu mahali pake.
Tarehe moja asubuhi nampangia Tenywa
noti mezani, moja juu ya nyingine, anazilamba kidole akihesabu.
Jioni narudi na beseni.
Ndizi zimeisha, pini ziko mdomoni,
siwezi kusema neno.
Kagoya amepanda kwenye kigoda, ameshika ncha ya boga,
ananitazama ninavyovuta, ninavyokaza
kwa hasira ya mchana.

"Legeza, mama," anasema.
"Mara mbili."