Kofia

Daftari la ghala la karafuu, Wete:
sawa, sawa, sawa,
miezi kumi na minne, kalamu moja.
Sahihi ni yangu.

Mize Faki hakunisuta.
Alisema tu, "Nishikie ngazi,"
akapanda na kopo la moshi wa kupimia,
akapuliza.

Kimya.

Akanirushia kofia nyekundu ya plastiki
iliyotoka na kidude kiwandani,
ukoko wa vumbi la karafuu mgongoni.

Akapuliza tena.
King'ora kikalia hadi bandarini;
wachukuzi wakatupa magunia, wakatoka mbio,
msimamizi kiatu mkononi, anafoka:
"Mnatutia kiwewe bure!"

Mize akashuka, akahamisha ngazi.
"Andika: kimoja, kimelia.
Vimebaki ishirini na viwili."

Nikaandika.
Nikaishika ngazi, safari hii kwa mikono miwili.