Mahali pa Kukata

Julai ile wino uligoma kutoka mkebeni,
tukauota moto pamoja, sisi na wino,
kwenye jiko la mkaa nyuma ya kiwanda cha chapa
cha Ambilikile, pale Miyomboni.
Kazi: kijitabu cha mafundi wa pampu.
Kiswahili kushoto, Kideni kulia,
na safu ya kulia upana wa vidole vinne.

Neno lililonishinda nililipanga kwa risasi, herufi moja moja,
kinyumenyume kama tulivyozoea,
*grundvandsspejl*,
likagonga ukingo, likafurika.
Herufi kumi na tano.

"Kata," akasema Ambilikile, hakuinua kichwa.

Nikate wapi?
Mimi masista walinifundisha kwa makofi:
I-ri-nga. Njo-mbe. Ka-ra-ta-si.
Kila silabi huondoka imeacha mdomo wazi,
kama kinda anayengoja mama yake.
Hili lilikuwa na irabu tatu tu,
na konsonanti kumi na mbili zimebanana
kama magunia ya viazi kwenye lori la Makambako.

Birthe, mpimaji wa maji, akaingia saa tano
na matope hadi magotini.
*Grund*, akasema, ni ardhi. *Vand*, maji. *Spejl*, kioo.
Kioo cha maji ya ardhini:
pale ambapo ukichimba
unakutana na uso wako.

Nikahesabu. Imebaki s moja.

"Hiyo haina maana," akasema. "Ni gundi."
Akakata kwa penseli ya seremala: *grundvands-*
Gundi hubaki na waliotangulia.

Na bomba la kufungulia maji, kwao, ni *vandhane*,
jogoo wa maji.
Ambilikile alicheka mpaka akaenda kukohoa nje.
"Na akiwika usiku?"
"Unamkaba shingo."

Alhamisi ikaja barua ya kijiji cha Ihemela,
iingie ukurasa wa mwisho, penye maoni.
Ihemela ni kwa mama yangu.
Kalamu ya bluu, sahihi ishirini na tisa,
dole gumba kumi na moja,
na juu yake neno moja:
*hawajatuchimbia*.

Herufi kumi na tano. Nikahesabu tena.

Makofi saba. Lakini hili si foleni ya maneno,
kila moja na kofia yake.
Humu wamo watu: *wa*, wenye mashine,
*tu*, wenye ndoo,
na katikati yao *ja*,
kitu kidogo kama ile s,
huwezi kukiuza peke yake sokoni.
Kiondoe, useme *hawatuchimbii*,
uone mlango unavyofungwa.

"Kata popote penye kofi," akasema Ambilikile,
"watu wa Danida wanakuja saa nane."

Nikakata baada ya *ja*.
*Hawaja-*

Birthe alisoma upande wa Kiswahili kwa kidole,
polepole, mdomo ukicheza.
Akafika ukingoni, kwenye kistari,
akasimama hapo kitambo
kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake,
ndipo akashuka mstari wa pili.

Usiniulize kama walichimba.
Risasi za ukurasa ule sikuzirudisha kashani.
Nimezitia kwenye kopo la maziwa,
herufi kumi na tano na kistari kimoja,
na ukilitikisa linalia
kama ndoo iliyofika chini mapema.