Mwandiko

Kidato cha pili Aikande aliniomba kalamu,
kisha daftari, kisha kitana.
Nani humnyima rafiki kitana?

Muhula uliofuata akanyoa kama mimi,
akajichora kwa wino baka la shavuni,
lile nililozaliwa nalo.
"Sasa tumetoka tumbo moja," akasema.
Nikacheka. Nilipenda kupendwa hivyo, sikatai.

Ndeshi akaacha kunisalimu. Eliamani akahama dawati.
Kila niliyemkaribia alipokea kijibarua
cha matusi, chenye g zangu
zinazoning'iniza mkia kama mijusi.

Siku mlima ulipojifunika nikamwambia: yatosha.
Hakulia. Alinitazama kifungo hadi kifungo,
kama fundi wa Kiborloni anayempima mteja kwa macho.

Leo siku ya nne hajaonekana.
Sweta lake limeokotwa msitu wa Rau,
mfukoni karatasi:
Nimemchoka. Atanitambua.

Kituoni Majengo afande ananisogezea kalamu,
mpole, kama mwalimu wa darasa la kwanza.
"Andika jina lako, binti. Mara kumi."

Naandika. Mkono unatetemeka,
na hata huu mtetemo
umo kwenye karatasi ile.