Basi Nusa

Ukungu wa Galisia ulikuwa bado umeilalia mizabibu
Uxía alipotupokea, viatu vya mpira, vidole vimenata mwani.
"Bahari hutapika, mimi huokota,"
akasema, akitupa fungu chini ya shina.

Dawa za dukani hana.
Ana pipa la majani ya kuwasha,
yameloweka siku kumi, yananuka zizi;
ana bata kumi na mmoja, mahasimu wa konokono;
ana nguzo za mawe alizosimika mama yake, mjane,
mwaka ambao kuvu ilikula theluthi ya mavuno
na majirani wakasema: si tulikwambia.

Nilichuma zabibu moja bila ruhusa.
Ukali wake ulinifumba jicho.
"Jua letu bahili," Uxía akacheka,
"deni hulilipa kidogo kidogo, mpaka Septemba."

Mimi sinywi. Nilishamwambia langoni, kwa haya.
Hakunibembeleza. Alimimina tone, akanisogezea bilauri:
"Basi nusa."

Nikanusa. Jiwe lililonyeshewa. Ganda la ndimu.
Kisha, kwa mbali, mwani ule ule wa vidoleni mwake,
au pengine ni upepo tu uliokuwa ukivuka ukuta.

Bata mmoja alikuwa amekwisha kufungua kamba ya kiatu changu.