Lehemu ya Baba

Weusi peke yake haunitishi.
Bizimu hili la bibi limelala sandukuni tangu Novemba,
limeviringishwa kwenye soksi ya sufu,
na sufu ina pumzi yake.
Kila Aprili nalitoa jeusi kama sufuria ya uji,
nalikosha kwa maji vuguvugu, sabuni kidogo,
kipande cha fulana kuukuu,
hadi vile vijiko vidogo vinavyoning'inia ukingoni
vianze kuongea tena.

Hapo ndipo ninapotega sikio.
Jicho huhongwa na mng'aro,
sikio halichukui rushwa.
Vijiko kumi na viwili. Mwaka huu kimoja
kimelia kama jino linalotikisika.

Nikasema: kesho. Kesho yake nikasema: baada ya kipaimara cha Synne.
Naye Synne, mjukuu wangu, alikwishatayarisha bakuli,
magadi, maji ya moto, karatasi ya aluminiamu.
"Dakika tano tu, bibi."
Nikamshika mkono.

Borghild, jirani yetu, alilichemsha la kwake hivyo hivyo.
Likatoka jeupe pe, jeupe la sahani ya hospitali.
Ule weusi wa mashimoni, uliowekwa kwa makusudi
ili ua lionekane ua,
ukamwagwa na maji.
Kisha akalisugua kwa dawa ya meno,
na dhahabu ya vijikoni, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
ikabaki kwenye mswaki.
Siku ya sikukuu alilivaa,
skafu juu yake, na jua lilikuwa kali.

Nikaligeuza.
Uso wa fedha ni wa wageni;
mgongo ndio unaojua.
Pini imekonda katikati. Kulabu imeachama.
Na pale, nyuma ya kijiko kilegevu,
donge la kijivu, nene kama chozi la mshumaa:
kazi ya baba, Torleiv, fundi wa mabomba,
usiku wa kuamkia kipaimara changu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Baba aliziba.
Aliziba kwa alichokuwa nacho,
lehemu ya mabomba, mezani pa jikoni,
ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika,
mama akimwambia lala, naye akisema bado kidogo.
Asubuhi niliingia kanisani kifua kikilia njuga.

Basi la Notodden. Theluji chafu kando ya barabara.
Kwa sonara foleni: wanawake watano, masanduku matano,
sote tumekumbuka wiki moja.
Eyvind, kijana mwenye vidole vyeusi,
akabana kioo jichoni, akanyamaza
muda mrefu kuliko ninavyopenda daktari anyamaze.

"Hii ni risasi," akasema.
"Nikiiwekea moto, itaitafuna fedha
kama nondo anavyotafuna sufu.
Lazima niikwangue yote kwanza."
Pini mpya. Kulabu ataikaza. Weusi wa mashimoni hataugusa.
Kisha, huku akifuta kioo:
"Nani alifanya hivi?"

Nilikuwa na majibu mawili.
Nikasema, "Mtu aliyekuwa na haraka."
Ndani ya basi, njia nzima,
lile la pili lilikuwa bado mdomoni.

Baada ya wiki mbili nikalichukua,
pamoja na bahasha ambayo sikuiomba,
ndani yake vumbi la kijivu, nusu kijiko cha chai.
Sikumuuliza. Hakueleza.

Jumapili Synne alipanda ngazi za kanisa mbele yangu,
bizimu kifuani, vijiko vikichezacheza,
na mimi nyuma yake nimeinamisha kichwa,
watu wakadhani ninasali.
Nilikuwa nahesabu sauti,
nikikitafuta kile cha baba.

Kumi na viwili,
na sikukijua.