Chupa ya Maji ya Moto

Saa tisa usiku, Isevya.
Nyamizi kajikunja sakafuni;
sementi, anasema, inamtuliza kidogo.
Najaza maji ya moto kwenye chupa ya konyagi
aliyotuachia baba yake,
naivika soksi,
naiweka chini ya kitovu.

Mimi niliambiwa: vumilia, ukizaa yataisha.
Nilizaa wanne.
Hayakuisha.
Nami nikamrithisha neno lilelile,
hadi juzi, pale Kitete, nesi alipouliza, "Tangu lini?"
naye akajibu bila kunitazama:
"Tangu darasa la saba."

Yuko kidato cha tatu.

Sasa kalenda ya chama cha tumbaku
ina duara zetu za wino mwekundu,
na vidonge anameza mapema, baada ya uji.
Mwezi huu umetuwahi.

"Mama, usilale."
Silali.
Maji yamepoa, nachemsha mengine.