Mwenye Akaunti

Tanuri limezima saa tisa usiku.
Nje ya Winnipeg yote ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
dirisha la jikoni limeota manyoya kwa ndani.
Nimevaa koti la Bohdan juu ya koti langu,
nikapiga namba iliyo kwenye bili ya gesi.

Kwa Kiingereza bonyeza moja, kwa Kifaransa mbili.
Kiukreni cha mama yangu hakina kitufe.
Kama unahama, tatu. Kama unadaiwa, nne;
hiyo nne uliitamka taratibu, kwa huruma.
Kuganda hakukuwamo.

Bibi, sauti yako tamu kama jamu ya dukani,
haina kokwa, haina kikohozi.
Simu yangu ni muhimu kwenu, wasema,
kisha wanipigia piano dakika arobaini,
kipande kilekile, kinakatika palepale kinapoanza kunoga.
Nimempigia mbuzi gitaa maisha yangu yote.
Leo mbuzi ananipigia mimi.

Sema tatizo lako kwa ufupi.
Baridi.
Samahani. Umesema bili?
Baridi!
Asante. Nakuunganisha na malipo.

Nikabonyeza nyota. Nikabonyeza sifuri, sifuri, sifuri,
kama kuku adonoaye sufuria tupu,
hata ukasema: akaunti hii ina mwenyewe.
Bwana Bohdan Prokopchuk alisajili sauti yake.
Tafadhali, mpe simu.

Tangu Novemba amelala ng'ambo ya reli,
jiwe lake litawekwa ardhi ikilainika.
Lakini juu ya friji ipo ile mashine kuukuu ya kupokea ujumbe.
Watoto walisema niitupe.
Nikaisogezea simu, nikabonyeza kitufe chekundu kilicholegea,
naye akasema, kwa Kiingereza chake cha kiwandani:
"Hapa kwa Prokopchuk. Hatupo. Halyna yuko bustanini,
anagombana na nyanya zake.
Sema unachotaka, tutakupigia."

Kimya. Hata piano haikurudi.

Asante, Bohdan. Nimekutambua.
Nikusaidie nini leo?

Nilikuwa na maneno yote ya tanuri mdomoni:
tarehe ya fundi, namba ya mita,
matusi mawili niliyoyatunza tangu saa tisa.
Hayakutoka.
Ukangoja. Nikasikia pumzi zangu zikirudi kutoka kwako.

Bohdan, ukauliza, bado upo?

Kama upo, bonyeza moja.

Kidole changu kiko juu ya moja.